Futi Mia Mbili

Fomu yauliza umbali kati ya ndege na ndege.
Nimeandika: futi mia mbili.
Mnazi mrefu una futi themanini.
Pandanisha miwili, juu yake tia nyumba ya ghorofa tatu,
ndio umbali wenyewe.
Fomu haina nafasi ya minazi.

Saa sita na robo, mwanzo wa mwezi wa kumi,
jua la utosi, kusi lingali likivuma,
na kubwa yashuka kutoka upande wa Jomvu,
magurudumu nje, watu mia na sitini tumboni,
watoto wakilia masikio.
Kindege kimetoka Ukunda chaelekea Malindi,
watalii wawili na sanduku la vipuri vya friji.
"Waiona kubwa?" nikamuuliza Tsofa.
"Naiona."
"Pita nyuma yake."
"Nyuma yake."

Na kweli aliiona.
Aliiona ile ya mbele, iliyokwisha gusa lami,
yajiendea polepole kwenye majengo.
Ya pili, niliyoisema mimi, ilikuwa ndani ya jua.
Neno langu moja, *kubwa*,
lilipokewa na ndege isiyo yake,
kama barua iliyotiwa chini ya mlango wa jirani.

Kwenye kioo nukta mbili zikawa moja.
"Panda. Panda sasa."
Sauti ilitoka shwari, ile ya chuoni,
kalamu ndiyo iliyotoboa karatasi.
Kubwa ikainua pua,
ikanguruma hata vioo vya mnara vikaitika.
Sekunde nne.
Nilizihesabu baadaye, kwenye kanda.
Wakati ule hazikuwa na idadi.

Abiria waliambiwa ni mambo ya kiufundi, watazunguka tena.
Mmoja, nasikia, alifoka hadi penye mizigo:
anacheleweshwa harusi, Bombolulu.
Aliwahi.
Alikula pilau, akaomba na ukoko.

Mkuu wangu alinishika bega:
"Nyevu, ajali haina kinga."
Nikanyamaza.
Kinga ni mimi.
Nalipwa kila tarehe ishirini na nane
niwe kinga.

Alasiri Tsofa akapiga simu.
Kwanza feni ya chumba chake, muda mrefu,
kisha: "Niliiona, Nyevu. Haki ya Mungu, niliona ndege."
"Najua."
"Sasa?"
Sikuwa na la kumpa.
Msiba usiotokea hauna matanga,
hautandikiwi jamvi, haupikiwi uji,
hakuna wa kumwambia pole
wala wa kukwambia wewe.
Watu mia na sitini na watatu, na rubani wangu mmoja,
wametawanyika mjini na roho zao mifukoni
kama chenji ambayo hawakuihesabu.

Nimerudi Mikindani jua likilegea.
Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba, yuko juu ya dari anaanua nguo.
"Mwanangu, leo nimeona kioja.
Nalikuwa papa hapa naanika.
Kivuli cha ndege kikaja, kile cha siku zote,
chapanda kuta, chashuka kuta.
Mara na kingine, kidogo, kutoka kwa kule.
Vikagongana hapa! Juu ya shuka hii!
Nikafumba macho nikangoja kishindo.
Kufumbua, shuka nyeupe, kuku wadonoa zao.
Nikajicheka, mtu mzima na wajukuu
kuogopa vivuli."

Nikacheka naye.
Ningesema nini?
Nikashika ncha mbili za shuka, naye mbili,
tukaikunja kama ikunjwavyo:
yeye aja, mimi naja,
kitambaa kikipungua kati yetu,
hata vidole vikagusana.

"Ee," akasema, asiniachie,
"mbona mikono baridi hivi,
na joto lote hili?"