Kinara Kimoja

Huku Punta Arenas, ncha ya Chile,
upepo hauvumi, unasukuma.
Ifikapo Novemba manispaa hufunga kamba
kando ya barabara, watu waishike wasipeperushwe.
Mimi Eduvigis, mchoma mkate, mtunza ufunguo wa kanisa,
nimeishika kamba hiyo miaka arobaini na miwili
na sijawahi kumuuliza aliye mbele yangu
anasali wapi.

Kanisa letu ni la bati, kijani kilichobabuka.
Upepo ukipanda, kuta huguna,
na mchungaji Rosamel hunyamaza katikati ya neno,
husubiri, kisha huendelea pale pale
kama mtu aliyepisha gari.

Nina la kuungama, nalisema hapa
maana mbele ya madhabahu nililisema nusu.
Jumatano moja ya Julai, theluji vifundoni,
Nolberto alibisha mlango, ananuka divai.
Niliijua hodi yake: mbili, kimya, moja.
Nilikuwa nimeshapiga deki. Sakafu bado mbichi.
Nikazima taa, nikatulia tuli kama panya,
nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda zangu
kumwomba Mungu kitandani.

Asubuhi walimkuta kibarazani pa duka langu,
mgongo ameuegemeza ukutani, upande wa tanuri,
analitafuta joto langu kupitia matofali.
Alipona.
Vidole viwili vya mguu vilibaki hospitali.

Hakunilaumu. Jumapili ya tatu alikuja na magongo,
akaketi benchi la nyuma,
na wakati wa supu akasema, "Nipe chumvi, dada Eduvigis."
Chumvi tu.
Mkono ulinitetemeka hata nikaimwaga.

Basi nikasema kikaoni: mlango usifungwe tena.
Lo! Mzee Baldomero akasimama, kofia mkononi:
"Na vinara? Vinara vya fedha, walivyokuja navyo babu zetu?"
Yusmary, aliyevuka jangwa la Atacama na mtoto mgongoni,
akajibu kwamba habari za vinara hazijui,
ila anajua mlango uliofungwa unavyoonekana kwa nje.
Tukapiga kura. Tukashinda kwa kura moja,
na kura hiyo ni ya Ismenia, asiyesikia,
ambaye baadaye alitueleza kwa vidole
alidhani tunachagua rangi ya ukuta.

Haukupita mwezi, kinara kimoja kikaibwa.
Baldomero hakusema, "Niliwaambia."
Alikuja na kopo la maziwa, amelitoboa maua kwa msumari,
akalijaza mchanga, akasimika mshumaa
kando ya kile cha fedha kilichobaki mjane.
"Hili wakiliiba," alisema, "nina mengine sita."

Wageni hutuuliza ibada ni saa ngapi.
Sijui niwajibu nini.
Wilner wa Haiti huingia alfajiri
akitoka zamu ya usiku kiwanda cha kaa,
hutandaza soksi juu ya jiko, husali kwa Kikrioli
kwa sauti ya mtu anayegombana na kaka yake.
Binti wa Ismenia huja na mpenzi wake, Maite, kumenya viazi.
Wapo waliowatazama kwa kope, na wapo bado,
lakini viazi huliwa vyote.
Usituite watakatifu. Juzi tu tumekosana
kwa ajili ya kuni, na watu wawili hawajasalimiana.

Jioni hupiga deki kama zamani.
Nolberto hupita na magongo yake juu ya maji,
duara mbili na kiatu, duara mbili na kiatu,
mpaka mbele penye kopo.
Mimi huegemea mpini, nikasubiri.
Alama hizo hukauka zenyewe.

Ufunguo? Upo jikoni.
Tunafungulia makopo ya maziwa.