Upande wa Kutokea

Mwezi wa kumi, Tabora, saa saba mchana,
kompyuta ikazima mara ya tatu
Bi harusi akiwa ameshika kisu, keki bado nzima.
Nikafungua ubavu wa kasha kwa bisibisi,
nikaingiza kiganja:
joto la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.
Feni ya kiwandani ilikuwa imekufa kitambo,
vumbi jekundu la Cheyo limeiotesha manyoya.
Juu ya kichwa changu panga boi lilizunguka
likihamisha joto kutoka kona hii hadi kona ile,
basi.

Nikaenda kwa Mlekwa, karibu na stesheni.
Akawasha ya kwanza: nyekundu, buluu, zambarau.
"Hizi ndizo zinazotoka, dada."
Nikauliza, kwa dakika inazunguka mara ngapi?
"Inawaka rangi saba."
Inapiga kelele kiasi gani?
"Rangi saba, na rimoti yake."

Nilikuwa nimepima nyumbani
kwa rula ya Sizya, wa darasa la tano:
sentimita kumi na mbili, si kumi na nne.
Nikapekua boksi la chini, la bidhaa zisizoulizwa.
Vile vidogo vya sentimita nane nikavipita,
hutanguliza kelele, upepo hufuata ukipenda,
kama karani wa mnada wa tumbaku.
Nikatoa mbili nyeusi, nzito mkononi, hazina urembo,
nyaya nne kila moja,
za kujua kupunguza mwendo kazi ikipungua.
Nikaizungusha moja kwa kidole, nikaitega sikio.
Haikukwaruza.
Elfu kumi na nane kila moja. Mlekwa akanionea huruma.

Usiku nikazifunga zote mbili zikivuta ndani.
Uroho tu. Niliona hewa baridi haizidi kamwe.
Kipimo kikapanda: nyuzi themanini na tisa, tisini na moja.
Nikakaa sakafuni, bisibisi mapajani,
nikamkumbuka baba na bani lake kule Urambo,
jinsi alivyozibua matundu ya juu kabla ya kuwasha kuni.
"Jani halikaushwi na moto," alisema,
"linakaushwa na hewa inayojua pa kutokea."
Kisha alikohoa. Miaka ile yote alikohoa,
na kifua chake hakuna aliyekitoboa tundu.

Nikachukua ubani wa wifi yangu Nyamizi,
nikauweka kwenye kifuniko cha chupa, mbele ya kasha.
Moshi ukaingia.
Nikausogeza nyuma. Ukaingia pia.
Katikati, juu ya prosesa, pande mbili zikakutana,
zikasimama kama wageni mlangoni,
"tangulia wewe," "hapana, tangulia wewe,"
na chakula kinaungua jikoni.

Nikaigeuza ya nyuma.
Kishale kilikuwa pale pale kwenye fremu,
kidogo, sikukisoma.
Skrubu moja ikaangukia chini ya kabati, ikapotelea huko.
Tatu zinatosha.
Mbele nikabandika kipande cha chandarua
kuzuia vumbi, cha kufuliwa kila Jumamosi.
Nikarudisha ubani:
moshi ukaingia chini, ukapanda, ukapita juu ya prosesa
bila kumwamkia mtu,
ukatoka nyuma, ukatoka dirishani,
ukaelekea Isevya.

Nyuzi sitini na nne.
Sauti yake ni ya mtu anayesoma chumba cha pili
na kufunua ukurasa.
Alfajiri treni ilipopiga honi
Bi harusi alikuwa ameshakata keki, amelishwa, amelia,
na jina la mpiga picha limeshapita kwenye kioo.

Mlekwa alikuja Alhamisi kuchapisha risiti zake.
Akainama chini ya meza, akachungulia kasha:
"Sasa mbona haiwaki?"

Haiwaki, nikamwambia.
Na haizimi.