Kwa Ensio, Kuhusu Mashua

Ensio, uliniachia mashua kama mtu aachavyo deni:
imefudikizwa nyuma ya kibanda cha kuni,
tumbo limeelekea mbingu, limebeba theluji ya miaka kumi na tisa,
na msonobari mchanga umepenya ubao wa pili,
umesimama pale kama abiria aliyekwisha lipa nauli.

Armas, jirani, aliitazama, akatema mate kando:
"Kuni hizo, Tuulikki. Kuni za sauna, tena mbovu."
Nilimkazia macho mpaka akanikopesha jeki.

Novemba tukaivuta hadi ghala la viazi.
Mlango ulikuwa mwembamba; nikaung'oa.
Bado haujarudi. Usiulize.

Mimi ni mtu wa posta. Miaka thelathini na mmoja
nimegonga mihuri, sijawahi kupiga randa.
Patasi ilinifundisha kwa damu.
Msasa ukanila alama za vidole
hata simu ikakataa kunitambua.

Nikakwangua: nyekundu ya baba,
chini yake kijivu, ile ya magendo kutoka kambini,
chini ya kijivu, kijani
ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka,
halafu lami, halafu mbao zenyewe, rangi ya asali,
zikanukia utomvu kana kwamba zimepasuliwa jana.

Mkuku mzima. Hilo lilinishangaza.
Fashini ya nyuma, unga mtupu:
kijiko kilizama kama kwenye uji.
Mbao nne nimezibadili. Ubao wa tano ulikataa kupinda,
nikaupika kwa mvuke ndani ya bomba la plastiki,
birika tatu zikichemka, miwani imefunga ukungu,
nikaukunja kwa goti huku nikiutukana
kwa matusi yale ya mama.
Ukapasuka. Wa sita ukakubali.

Ribiti za shaba, mia tatu na arobaini.
Mmoja hupiga nje, mmoja hukinga ndani.
Kazi ya watu wawili, Ensio.
Nilijaribu peke yangu mpaka Krismasi.
Januari nikamwita Armas. Akaja na nyundo yake,
hakusema neno kuhusu kuni.

Kisha nikafika ubao wa juu, upande wa kushoto,
penye chale kumi na tano za kisu.
Sangara wa kiangazi kile. Kumi na nne zako.
Ya kumi na tano, ya chini, iliyopinda, ni yangu,
yule samaki uliyeapa mbele ya baba kwamba sikumvua,
kwamba nilimkuta anaelea.
Ubao una ufa. Fundi yeyote angeutupa.
Nimeutia gundi, nikaubana kwa jiriwa wiki nzima.
Ushahidi hauchomwi.

Mei, barafu ilipoondoka, tukaishusha ziwani.
Ikanywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari.
Vijana wa kambi ya jirani walicheka,
wakacheka zaidi niliporudi na mawe manne
nikaiongezea uzito, ikazama yote.
Hawajui. Mbao zilizokauka miaka hiyo yote
sharti zinywe, zivimbe, zibane mishono yake zenyewe;
kalafati haiwezi kila kitu.
Siku tatu nilikaa gatini na kahawa
nikiitazama kule chini, imetulia mchangani,
samaki wadogo wanaingia na kutoka
kama wapangaji wanaokagua nyumba.

Siku ya nne nikatoa mawe, nikakumba maji kwa ndoo.
Nikangoja. Nikapitisha kiganja kwenye ngama.
Unyevu, ndiyo. Jasho. Si zaidi.

Sikuandikii kukuomba urudi.
Feri za Stockholm zipo kila jioni, ratiba unaijua.
Lakini kasia moja bado ni fupi, lile uliloliketia,
na nikivuta peke yangu mashua inazunguka
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Jana nimevua sangara. Mkubwa.
Alikuwa hai. Armas ni shahidi.
Nimechanja ya kumi na sita.
Njoo uibishie.