Kutoka Kulia

Karani wa sensa alikuja saa nne na kishikwambi chake,
nusura akalie mbuzi ya nazi akidhani ni kigoda.
Akauliza majina, umri, choo cha shimo au cha kumwaga maji,
kisha: "Bi Mize anajua kusoma na kuandika?"
Mama alikuwa uani anaanua karafuu, wingu limeshatanda Shengejuu.
Nikajibu mimi,
mwalimu wa maandalizi, miaka kumi na tisa kazini:
"Hapana."
Kidole kikagusa kioo mara moja,
ikawa.

Skulini kwangu watoto ni thelathini na wanane.
Herufi tumezikata kwenye maboksi ya tambi,
a imeliwa na panya upande mmoja, tunaitumia hivyo hivyo.
Ngwali wa Bikombo huanza jina lake kutoka kulia,
kila herufi imempa mtu mgongo.
Naifuta. Namshika mkono, naugeuza,
kama anayemrudisha mbuzi kwenye njia ya banda.
Kesho yake, kulia tena.

Faki, mtoto wa kaka, ndiye aliyeleta balaa.
Alikuwa anachezea simu ya bibi yake, ile yenye ufa,
akabonya asipopajua, kibodi ikageuka:
alifu, be, te, the, zimejipanga chini ya kioo.
Mama akaweka ungo chini.
Akafuta kidole kwenye kanga, upande wa ndani, ulio safi.
"Be ile," akasema,
kama aliyekutana sokoni Wete
na mwenziwe wa chuoni,
wa enzi za ubao na wino wa masizi,
be fat-ha ba, be kasra bi, be dhumma bu,
na bakora ya maalimu ikihesabu nyuma yao.

Jumatano, saa ya uji, simu yangu ikatetemeka.
Ujumbe wa mama. Si sauti. Maandishi.
Nikasogea dirishani, nikaanza kukokota:
ni-mi-bi-ka mu-hu-gu.
Nimibika?
Kibodi ile haina pe, haina e, haina o;
anayesoma aje navyo mwenyewe kutoka kwao.
Ki-shu. Kisu? Kisu cha nini?
Midomo inacheza, kidole kinafuata mstari,
watoto wameacha vikombe wananitazama.
"Mwalimu," kasema Ngwali, "hujui?"

Kesho. Nimepika muhogo. Kesho njoo.

Juu ya kabati la mama kuna bahasha ya kaki.
Tangu utotoni nilidhani ni dua,
nikawa naipangusa vumbi bila kuifungua, na udhu juu.
Jioni ile niliishusha.
Si dua.
Ni misimu ya karafuu, mwaka kwa mwaka, kwa mkono wake:
Kombo Hamadi, bishi nne, kalipwa.
Time Shaame, bishi saba, kalipwa nusu.
Na pembezoni, kwa wino mwingine,
jina langu, na siku niliyoota jino.

Nilipiga simu wilayani kuuliza kuhusu fomu.
Wakaniambia taarifa zimeshatumwa,
zimeshajumlishwa, ahsante kwa ushirikiano.
Mama nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa.
"Waache. Na wewe uliandikwa unajua?"

Ngwali bado anatoka kulia.
Siku hizi namwacha amalize kwanza,
nasoma nilivyopewa, herufi baada ya herufi,
lote limo, hakuna lililopotea.
Kisha ndio tunageuza.

Na usiku, bando likiwepo,
namjibu mama kwa kidole kimoja, jasho linanitoka.
Juzi niliandika, nikahakiki, nikatuma: nakuja.
Jibu likarudi kabla sijaweka simu chini:

"Nakuha ndio nini?
Jimu ina nukta tumboni.
Andika tena."