Vidole Vinne

Fundi Barasa hapimi kwa rula.
Alichutama langoni, akazamisha mkono
katika udongo mweusi wa Utawala,
ule unaovua watu viatu mwezi wa Aprili,
akasema: kokoto ziwe kina cha vidole vinne, mwalimu. Basi.

Vidole vya nani?

Nikalaza vyangu kando ya vyake juu ya tofali.
Vyangu, vya kushika chaki miaka ishirini na sita: sentimita saba.
Vyake tisa, na ukucha mmoja mweusi
uliowahi kukutana na nyundo.

Nikatoa futikamba kwenye droo ya vijiko.
Kutoka langoni hadi mlango wa jikoni, mita kumi na moja,
upana mita moja; wawili watafuatana, hii si barabara kuu.
Pa kuegesha gari ambalo bado hatuna: tano kwa tano.
Toa duara la mparachichi,
mita moja kutoka shinani kila upande,
maana mizizi nayo hupumua
na sitaki kulaumiwa na mti.
Zikabaki mita za mraba thelathini na tatu,
desimali nikizifumbia jicho,
jambo ambalo darasani nisingemsamehe mtu.

Zidisha kwa vidole vyangu: mita za ujazo mbili na kitu.
Zidisha kwa vyake: karibu tatu.
Na kila mita ya ujazo ya kokoto
ni kama tani moja na nusu mgongoni mwa lori,
kwa hiyo kati ya mkono wangu na mkono wa Barasa
palikuwa pamelala
tani nzima ya mawe.

Nikaketi kwenye ngazi, nikaicheka hiyo tani.
Watu wamehama nyumba kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Kyengo akapokea simu, machimbo ya Njiru yakinguruma nyuma yake.
"Nataka tani nne."
"Mimi nabeba saba. Nusu lori haipandi mlima."
"Huku kwetu hakuna mlima."
"Basi nusu lori haijui njia, mwalimu."

Saba zikaja Alhamisi, zikamwagwa nje ya lango,
vumbi likatua kwenye shuka za Nekesa zilizokuwa zimeanikwa.
Usiku ule sikulala. Nilizihesabu zile tani tatu za ziada
kama mtu anayehesabu deni,
nikimwona Gichohi akirudi kutoka zamu,
akisimama mbele ya kichuguu kile, asiseme neno,
akisema neno.

Asubuhi, mtoto wa Nekesa na karai:
mama anaomba kidogo, pale bombani panateleza.
Ningekataaje, na shuka zake nilizitia vumbi?
Mchana, mlinzi wa kona, kwa shimo lake.
Kisha wale wa nyumba ya bluu, ambao hatusalimiani,
toroli moja, wakasalimia.
Barasa mwenyewe alipomaliza kusawazisha
akakuna kisogo: toroli mbili tu, za mlango wa kuku.
Kisha ikanyesha siku tatu,
na udongo ukala sehemu yake bila kuomba.

Haba na haba hujaza kibaba, tuliimba shuleni.
Hakuna aliyetufundisha
jinsi kibaba kinavyorudi kuwa haba na haba.

Jumapili nikatoka na futikamba, na khanga mabegani.
Mlango wa jikoni: vidole vinne, vyangu.
Chini ya mparachichi, duara safi, majani mawili yameanguka.
Langoni, ambako kila karai lilipita: vitatu.
Nikachimba pembeni kwa kidole kutafuta cha nne.
Nikagusa tope.

Kwenye daftari, chini ya urefu, upana na kina,
nimeongeza mstari mwingine.
Sijaupa jina.
Kipimo chake ni karai.