Daftari la Vyuga

Iliteremshwa majini Aprili, sabini na moja.
Chupa ikagoma kupasuka, mara mbili.
Wazee wa karakana wakaguna; Kapitolina, mpishi,
akacheka: "Chombo cha kuvunja, kimeshindwa na chupa!"

Mimi nikapewa kalamu. Niliandika
maili, nyuzi za baridi, unene wa barafu;
rafadha ya kushoto imepoteza ubawa mmoja,
imebadilishwa gizani, siku tisa,
vidole viwili vya Arseni vimebaki huko.

Haikuikata barafu, msidanganyike.
Iliipanda kwa kifua, ikaikalia,
uzito ukanena, ndipo ikapasuka.
Na nyuma yetu mfereji, mweusi kama chai ya zamu,
ukajifumba kabla chai yenyewe haijapoa.

Sabini na tisa: meli ya mbao imenaswa, siku arobaini.
Niliandika "msaada umetolewa." Basi.
Sikuandika mikate ishirini na saba
iliyorushwa kutoka sitahani,
ikadunda kwenye theluji huku ikifuka mvuke,
wala yule baharia aliyeuficha wake ndani ya koti,
akaukumbatia kwanza, apate joto,
njaa akaiambia ingoje.

Miaka thelathini na minne. Kisha gati la Murmansk,
kutu, paka, mlinzi mmoja.
Vijana wakaja na moto wa gesi, wakaanzia puani.
Chuma kilichoikalia bahari
kikalainika kama siagi.

Daftari ninalo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu.
Jana nimeongeza, kwa penseli:
mikate, ishirini na saba.