Silabi ya Sita

Kibao walichonipa kilikuwa kifupi,
ubao wa mlingoti uliosalia banda la kuku la Mwakatundu,
na cheo chenyewe kirefu: KABIDHI WASII.
Tukuyu ilikuwa inanyesha, kama ilivyozoea,
rangi nyeusi imegoma kukauka tangu Jumatatu.

Karani alitaka nikate KAB, chini yake IDHI.
Nikakataa.
Darasa la tatu tulikata maneno kwa makofi:
ka, bi, dhi,
na kila kofi lilitua kwenye irabu.
Ukikata kwingine unamvunja mtu mguu
katikati ya mfupa, wakati kiungo kipo.

Kisha hiyo dhi. Ulimi uchungulie kati ya meno,
utovu wa adabu ambao Kinyakyusa hakikutufunza.
Bi Subilaga alifika na faili la marehemu Ambakisye
limefungwa kwa kamba ya mgomba.
"Ofisi ya Kabisi ndiyo hii?"
Nikamwambia, dhi.
Akasema, si.
Tukacheka wote, halafu yeye akaacha kucheka.

Mstari wa pili: wa, si,
na ubao ukaisha.
Herufi moja tu, nani atahesabu?
Nikarudi nyuma hatua tatu, nikasoma kwa sauti.
Bila i ya mwisho mkazo unateleza,
unashuka kwenye si, unakwenda kukalia wa:
wasi.
Nusu ya wasiwasi.
Nusu ya pili ilikuwa kwenye benchi, imekumbatia faili,
na nje mashemeji watatu chini ya mwavuli mmoja
wakizungumzia miche ya chai
kana kwamba imekwisha kuwa yao.

Mtu wa kushika mali ya wafu bila kuila
hawezi kuitwa kwa silabi tano.
Anaidai ile ya sita, isiyo na konsonanti ya kuegemea,
fupi, imefiwa na jirani,
na bado ina kofi lake.

Nikaichora mstari wa tatu, peke yake.
Karani akasema inaonekana kama kosa.
Subilaga akainuka, akafuata kwa kidole,
rangi ingali mbichi:
ka, bi, si,
wa, si,
akanyamaza, akameza mate,
i.

Ndaga fijo, akaniambia, akabisha hodi.

Alama ya kidole chake imebaki pale chini.
Karani amenikata elfu mbili
kwa uchafu.